Hundi ya dola 281: malipo ya marudio ya mwigizaji wa strimingi yanapigwaje hesabu?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, ninaishi Atlanta. Mwishoni mwa 2024 nilicheza kama muuguzi katika episodi moja ya tamthilia ya saa moja iliyotengenezwa kwa ajili ya jukwaa la strimingi. Nilifanya kazi siku mbili kwa kima cha chini cha chama cha waigizaji, ingawa mwenyewe bado si mwanachama. Hivi karibuni imenifikia hundi yangu ya kwanza ya malipo ya marudio (residuals), yale anayolipwa mwigizaji kazi yake inapoendelea kuonyeshwa: dola 281 na senti. Rafiki yangu naye alicheza siku mbili, kwa kima kilekile, katika tamthilia ya jukwaa jingine, na hundi yake ya mwaka wa kwanza ilizidi dola elfu moja. Tamthilia yetu imesifiwa kila mahali, ya kwao hata haikuzungumzwa. Je, nimepunjwa? Miaka inayokuja nitarajie nini? Na mdogo wangu aliyeko Nairobi amepewa mkataba wa tamthilia ya mtandaoni unaosema atalipwa mara moja basi. Naye hana haki hii?

JIBU: Dada yangu, kwa maelezo uliyonipa, hujapunjwa. Hundi yako inalingana na kanuni ya mkataba, na ya rafiki yako vilevile. Kinachouma ni kanuni yenyewe, kwa sababu kwa sehemu kubwa haijali tamthilia imependwa kiasi gani. Inajali jukwaa lililoionyesha lina wateja wangapi. Ukishaielewa, unaweza kukaa na kalamu na karatasi ukakadiria malipo yako ya miaka mingi ijayo, na ukakosea kidogo tu.

Kwanza tuliondoe suala la uanachama. Kampuni iliyotengeneza tamthilia yenu imetia saini mkataba na SAG-AFTRA, chama cha waigizaji wa filamu na televisheni cha Marekani. Mkataba huo unamhusu kila mwigizaji aliyepewa nafasi ya kuigiza katika kazi hiyo, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Sheria za Georgia nazo hazimlazimishi mtu kujiunga na chama ili apate kazi, ndiyo maana wengi wa huko Atlanta wanacheza kazi za chama wakiwa nje ya chama. Haki yako imetokana na mkataba wa kazi uliyoifanya. Wasiopata malipo haya ni waigizaji wa nyuma, wale wanaopita koridoni au kuketi mezani ili mahali paonekane pana watu. Wewe ulikuwa muuguzi mwenye maneno ya kusema, kwa hiyo umo.

Sasa hesabu. Nitatumia viwango vya mkataba uliopatikana mwishoni mwa 2023, ambao muda wake uliwekwa hadi tarehe 30 Juni 2026, kwa kuwa kazi yako ilifanyika chini yake. Kuna namba tatu za kuzidisha.

Ya kwanza ni mshahara wako wa episodi hiyo. Mwishoni mwa 2024 kima cha chini cha mwigizaji wa siku kilikuwa dola 1,204, hivyo siku mbili ni dola 2,408. Mkataba unaweka ukomo wa mshahara unaoingia katika hesabu, na anayelipwa donge nono kwa kila episodi hapigiwi hesabu ya fedha zake zote. Kwa siku mbili za kima cha chini katika tamthilia ya saa moja, ukomo huo haukugusi.

Ya pili ni asilimia ya mwaka. Siku 90 za mwanzo tangu tamthilia iwekwe kwenye jukwaa zimeshalipwa na mshahara wako wa awali. Baada ya hapo malipo ya marudio yanahesabiwa kwa miaka ya maonyesho, na kila mwaka una asilimia yake: mwaka wa kwanza 45, wa pili 40, wa tatu 35. Kisha inaporomoka: mwaka wa nne 25, wa tano 20, wa sita 15, wa saba 10, na kuendelea kushuka hadi mwaka wa kumi na tatu, inapotulia kwenye asilimia 1.5 kwa kila mwaka ambao tamthilia bado iko jukwaani.

Ya tatu ndiyo iliyokutenganisha na rafiki yako. Hiki ni kizidisho cha wateja, yaani idadi ya watu wanaolipia jukwaa hilo ndani ya Marekani na Kanada. Jukwaa lenye wateja chini ya milioni 1 lina kizidisho cha asilimia 20. Kati ya milioni 1 na 5, asilimia 40. Kati ya milioni 5 na 20, asilimia 65. Kati ya milioni 20 na 45, asilimia 100. Zaidi ya milioni 45, asilimia 150.

Chukua dola zako 2,408, zidisha kwa asilimia 45, kisha zidisha kwa asilimia 40, kwa kuwa jukwaa lenu ni dogo. Utapata dola 433.44. Fanya hivyohivyo kwa rafiki yako, ila mwishoni uweke asilimia 150: dola 1,625.40. Mshahara uleule, siku zilezile, mwaka uleule wa maonyesho, na yeye amepata karibu mara nne yako kwa sababu tu jukwaa lake ni kubwa.

Utasema hundi yako ilikuwa dola 281, si 433. Hapo wengi wanababaika, kwa sababu wanasoma kiasi kilichoandikwa kwenye hundi na kuitupa karatasi iliyoambatana nayo. Malipo ya marudio ni mshahara machoni pa serikali ya Marekani, na yanakatwa kama mshahara: asilimia 6.2 ya hifadhi ya jamii, asilimia 1.45 ya bima ya afya ya wazee, kodi ya serikali kuu, ambayo kwa malipo ya ziada ya namna hii mara nyingi hukatwa kwa asilimia 22, kisha kodi ya jimbo la Georgia, asilimia 5 na ushei. Toa zote hizo kwenye 433.44 utafika palepale kwenye 281. Ile karatasi ndiyo ya kuhifadhi. Imeandikwa jina la tamthilia, episodi, aina ya soko na kiasi kabla ya makato. Kila unapolinganisha na mwenzako, linganisheni kiasi cha kabla ya makato, kwa sababu kodi ya mtu wa Georgia na ya mtu wa California hazifanani.

Sasa miaka ijayo. Kama jukwaa lenu litabaki kati ya wateja milioni 1 na 5, mwaka wa pili utapata dola 385.28, wa tatu 337.12, wa nne 240.80, wa tano 192.64. Kwa miaka mitano ni dola 1,589.28 kabla ya makato. Rafiki yako kwa miaka hiyohiyo atakuwa na dola 5,959.80. Kufika mwaka wa kumi na tatu wewe utakuwa unapokea dola 14 na senti 45 kwa mwaka. Ukisikia waigizaji wakizungumzia hundi za senti, hawatii chumvi. Kule Studio City, Los Angeles, palikuwa na baa iliyojulikana kwa kumpa kinywaji cha bure mwigizaji aliyeleta hundi ya malipo ya marudio isiyofika dola moja.

Lakini kuna jambo linaloweza kukupandisha juu. Kizidisho hakikugandishwa siku tamthilia ilipotoka. Kinafuata ukubwa wa jukwaa mwaka hadi mwaka. Jukwaa lenu likikua na kuvuka wateja milioni 5, kizidisho chako kinaruka kutoka 40 hadi 65, na malipo ya mwaka wa pili yanakuwa dola 626.08. Yaani asilimia ya mwaka imeshuka, na bado hundi imekuwa kubwa kuliko ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo fuatilia taarifa za fedha za kampuni inayomiliki jukwaa hilo. Kama imeorodheshwa kwenye soko la hisa, huenda ikataja idadi ya wateja katika ripoti zake, na hapo ndipo pa kuanzia makadirio. Chunga tu usichanganye wateja wa dunia nzima na wa Marekani na Kanada. Jukwaa linaweza kujisifu kwa wateja milioni 60 duniani, na kumbe nyumbani lina milioni 18. Ukikosea hapo, makadirio yako yote yatapaa hewani.

Hao wateja wa nje nao wana hesabu yao. Tamthilia ikionyeshwa nje ya Marekani na Kanada, kuna malipo ya pili juu ya yale ya ndani. Zamani yalikuwa asilimia 35 ya malipo ya ndani, bila kujali jukwaa limeenea nchi ngapi. Mikataba ya 2023 iliyafunga na idadi ya wateja wa nje, na kwa majukwaa makubwa tofauti yake inaonekana. Chama cha waandishi wa filamu na televisheni cha Marekani kilitoa mfano wa Netflix: malipo ya nje ya mwandishi kwa episodi ya saa moja, kwa miaka mitatu, yalipanda kutoka dola 18,684 hadi 32,830. Za waigizaji ni namba nyingine, ila mwelekeo ni huohuo. Wewe, kwa jukwaa dogo linaloonekana zaidi Marekani, usilitegemee sana fungu hili. Kama karatasi yako haina mstari wa soko la nje na una hakika kwamba ndugu zako Dar es Salaam wanaiona tamthilia hiyo kwenye jukwaa lilelile, basi lina sababu ya kuulizwa.

Nije kwenye sifa, maana naona ndiyo iliyokukera zaidi. Inawezekanaje kazi inayosifiwa ilipwe kidogo kuliko isiyosifiwa?

Malipo ya marudio yalizaliwa kwenye televisheni na sinema za zamani, ambako marudio yalikuwa tukio linaloonekana. Kipindi kilirudiwa Jumanne saa mbili usiku kwenye stesheni fulani, na mwigizaji akalipwa kwa marudio hayo. Waigizaji walipigania haki hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1960 waligoma, Ronald Reagan akiwa rais wa chama chao, wakapata malipo kwa filamu za sinema zitakazouzwa kwa televisheni, na waliocheza filamu za kabla ya hapo hawakupata kitu mkononi. Hadi mkataba wa 1974, marudio ya televisheni yalilipwa kwa idadi maalumu tu ya mara, na baada ya hapo stesheni ilirudia bure. Tangu hapo malipo hayana mwisho: onyesho la pili, yaani marudio ya kwanza, kwenye stesheni za mikoani ni asilimia 40 ya kima cha chini, na malipo yanashuka hadi asilimia 5 kuanzia onyesho la kumi na tatu. Kipindi kilichopendwa kilirudiwa mara nyingi, na kila marudio yalikuwa na hundi yake. Umaarufu uliingia kwenye malipo wenyewe, bila mtu kuhesabu watazamaji.

Kwenye strimingi hakuna marudio. Tamthilia imekaa pale usiku na mchana, mmoja anaitazama saa tisa alfajiri, mwingine baada ya miaka minne. Huwezi kuhesabu imerudiwa mara ngapi, na kwa muda mrefu majukwaa yalificha idadi ya watazamaji hata kwa waliotengeneza kazi hizo. Ndipo pande mbili zikakubaliana juu ya malipo ya mwaka yanayofuata ukubwa wa jukwaa. Yana faida yake, kwa sababu mwigizaji wa tamthilia isiyotazamwa analipwa sawa na wa tamthilia inayotazamwa. Na hasara yake umeionja.

Hilo lilikuwa kiini cha mgomo wa 2023, ulioanza tarehe 14 Julai na kumalizika tarehe 9 Novemba. Chama kilidai sehemu ya mapato ya majukwaa. Studio zilikataa katakata. Waigizaji wengi walikuwa hawafikishi hata dola 26,470 kwa mwaka, kiwango kilichohitajika wakati huo ili kupata bima ya afya ya chama, na malipo ya marudio, yaliyokuwa yakimvusha mtu kati ya kazi moja na nyingine, yalikuwa yamenyauka. Kilichopatikana mwishoni si sehemu ya mapato. Ni bonasi ya mafanikio, na hii isome kwa makini kwa sababu inaweza kukuhusu.

Bonasi inahusu tamthilia na filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya jukwaa kwa bajeti kubwa na kutolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Wanachukua saa zote ambazo watu wa Marekani na Kanada wameitazama katika siku 90 za mwanzo, wanagawa kwa urefu wa msimu mzima, na jibu linaitwa idadi ya mitazamo. Mitazamo ikifika asilimia 20 ya wateja wa jukwaa wa nchi hizo mbili, bonasi imepatikana. Isipofika mwaka wa kwanza, kila mwaka wa maonyesho unaofuata hupimwa tena kwa siku zake 90 za mwanzo.

Hapa udogo wa jukwaa lenu unageuka kuwa nafuu. Tuseme lina wateja milioni 3 na msimu wenu una saa 8. Asilimia 20 ya milioni 3 ni mitazamo 600,000, sawa na saa milioni 4.8 za kutazamwa. Jukwaa la rafiki yako, tuseme lina wateja milioni 60, linahitaji mitazamo milioni 12, na kwa msimu wa saa 8 hizo ni saa milioni 96. Tamthilia iliyosifiwa kwenye jukwaa dogo inaweza kuvuka mstari ambao tamthilia ya wastani kwenye jukwaa kubwa haitaukaribia. Ikivuka, bonasi ni sawa na malipo yote ya marudio ya mwaka huo. Robo tatu inakwenda kwa waigizaji wa kazi hiyo, na robo inaingia kwenye mfuko unaogawiwa waigizaji wengine wa strimingi. Kwa mwaka wako wa kwanza, robo tatu ya 433.44 ni dola 325.08 za ziada.

Usiifanye bonasi hiyo kuwa sehemu ya bajeti yako ya kodi ya nyumba. Chama chenyewe kiliithamini kwa takriban dola milioni 40 kwa mwaka kwa tasnia nzima, kwa hiyo ni wachache watakaoiona. Wala usihadaike na orodha ya kumi bora. Orodha hiyo inakuambia nani ametazamwa kuliko nani wiki hiyo, haikuambii kama asilimia 20 ilifikiwa. Netflix nayo tangu Desemba 2023 inatoa ripoti ya saa zilizotazamwa kwa maelfu ya kazi zake, lakini saa hizo ni za dunia nzima, na bonasi inahesabu Marekani na Kanada peke yake. Takwimu zenyewe studio huzipeleka kwa chama kwa masharti ya siri. Mtu wa nje hawezi kuihakiki kwa kalamu kama tulivyofanya na malipo ya kawaida, na mimi naliona hilo ni pengo kubwa katika mkataba huu.

Kuna hali mbili zinazoweza kuvuruga makadirio yako. Ya kwanza ni tamthilia kuondolewa jukwaani. Kati ya 2022 na 2023 HBO Max na Disney+ ziliondoa kazi nyingi, zikiwemo zilizotengenezwa kwa ajili ya majukwaa hayohayo, na gharama za kuziweka pale, malipo ya marudio yakiwa mojawapo, zilikuwa sehemu ya sababu. Mwaka wa maonyesho usiokuwepo haulipwi. Kwa hiyo unapokadiria, miaka mitatu ya kwanza ichukulie kwa uzito, ya nne na ya tano kwa tahadhari, na zaidi ya hapo ukikipata ni neema.

Ya pili ni tamthilia kuuzwa kwingine. Ikikodishwa kwa jukwaa jingine, mara nyingi ile kanuni ya namba tatu haitumiki tena. Mwenye kazi hulipwa ada ya kukodisha, asilimia 3.6 ya mapato hayo inatengwa kwa waigizaji wote kwa pamoja, kisha inagawanywa kwa kuangalia muda na mshahara wa kila mmoja. Kwa njia hiyo idadi ya watazamaji haina maana yoyote. Mfano uliojulikana sana ni Suits, tamthilia ya zamani ya stesheni ya USA Network. Mwaka 2023 ilitazamwa Marekani kwa dakika bilioni 57.7 kwa hesabu za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, na mmoja wa waandishi wake akatangaza hadharani kwamba kwa episodi aliyoiandika alipata dola 259.71 katika robo moja ya mwaka huo. Ada ilikuwa imeshakubaliwa kabla watazamaji hawajamiminika.

Sasa ya kufanya wewe, kwa sababu kanuni nzuri haikusaidii kama kumbukumbu ni mbovu. Tafuta mkataba wako wa kazi na nakala ya fomu ya saa uliyotia saini mwisho wa kila siku kule seti, ile inayoitwa Exhibit G. Hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba ulikuwepo siku mbili na si moja. Kama uliitwa siku nyingine kupimwa nguo, angalia ilivyoandikwa na kama ulilipwa.

Kisha jina. Hili nalisisitiza kwa watu wetu. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu, na anaweza kuwa amejaza fomu ya kodi kwa majina matatu, mkataba kwa mawili, na kwenye orodha ya waigizaji akaandikwa jina la sanaa. Hundi za malipo ya marudio zinatengenezwa na kampuni za mishahara kama Entertainment Partners na Cast & Crew na nyingi hupitia kwa chama, na hundi isiyomtambua mwenyewe inakaa. SAG-AFTRA ina orodha ya malipo yasiyodaiwa kwenye tovuti yake ambayo unaweza kuitafuta kwa jina. Jitafute kwa kila mpangilio wa majina yako. Na kila unapohama nyumba, waarifu, kwa kuwa hundi ya mwaka wa saba haitajua kwamba umeshahamia Charlotte. Andika pia nani atapokea ukifariki, maana malipo haya yanarithiwa. Bila maandishi, mama yako Tanga atahangaika sana kudai dola ambazo ni haki yake.

Ukihisi kosa, andikia idara ya malipo ya marudio ya chama, ukitaja jina la tamthilia, namba ya episodi, tarehe ulizofanya kazi, mshahara wako na kiasi cha kabla ya makato kilichoandikwa kwenye karatasi. Waulize moja kwa moja: ni mwaka gani wa maonyesho, na kizidisho kilichotumika ni kipi. Ukiuliza hivyo utajibiwa namba. Ukiuliza "mbona kidogo" utajibiwa maelezo ya jumla.

Kuhusu mdogo wako. Mkataba wa SAG-AFTRA haumfuati mwigizaji wa Nairobi anayeajiriwa na kampuni ya Kenya, hata kama tamthilia itaonyeshwa kwenye jukwaa la Kimarekani. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inayowatambua waigizaji kama wenye haki, na kuna PRISK, chama cha haki za wasanii watumbuizaji cha Kenya, kilichoanzishwa kukusanya mirabaha kwa niaba yao. Ajiandikishe, hasara hakuna. Ila mirabaha hiyo inatokana na kazi kutangazwa na kuonyeshwa hadharani, haitengenezi malipo ya kila mwaka kama haya yako. Kwa hiyo kinachomlinda ni maneno yaliyomo kwenye mkataba alioushika mkononi.

"Kulipwa mara moja" si dhambi kwenyewe, mradi bei inafanana na kinachouzwa. Mara nyingi kinachouzwa ni kila kitu: milele, nchi zote, majukwaa yote, hata ambayo hayajabuniwa. Asibishane juu ya neno, abishane juu ya ukubwa wa mzigo. Malipo haya ni ya miaka mingapi? Yanahusu jukwaa hili peke yake, au wanaweza kuiuza kwa stesheni, ndege na majukwaa mengine bila kumlipa? Msimu wa pili ukija, bei itapanda? Sauti na sura yake zinaweza kutengenezwa upya kwa akili unde bila idhini yake? Mtayarishaji wa Nairobi mwenye bajeti ndogo pengine hataweza kumpa malipo ya kila mwaka, na kumng'ang'aniza hilo kunaweza kumkosesha kazi. Lakini anaweza kukubali kifungu kimoja: kazi ikiuzwa kwa jukwaa la pili, au ikipita miaka mitano kwenye la kwanza, mwigizaji alipwe kiasi fulani, kilichotajwa kwa shilingi na si kwa ahadi. Kifungu hicho akiombe kabla ya kutia saini, maana siku ya kwanza ya kupiga picha ikishafika nguvu yote inakuwa imehamia upande wa pili.

Na wewe ukiamua kujiunga na SAG-AFTRA, kumbuka kwamba kanuni ya kwanza ya chama inamfuata mwanachama dunia nzima. Siku utakayoitwa Nairobi au Zanzibar kucheza na mdogo wako, itabidi uwasiliane kwanza na chama kuhusu mkataba wa kazi hiyo, kabla hujakata tiketi.